Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Jinsi Mlipuko Unavyopasua Jiwe Maabarani

Majibu haya ni ya wanafunzi wa uhandisi wa migodi na jiolojia, na ya yeyote anayetaka kujua kinachotokea ndani ya jiwe baruti inapolipuka. Wengi huanza na dhana kwamba baruti huponda mwamba. Huponda, ila kidogo sana, na ni pale tu inapougusa. Sehemu kubwa ya mwamba hupasuka kwa kuvutwa.

Kwa nini kulipua jiwe dogo maabarani wakati migodi na machimbo ya kokoto yanalipua kila siku?

Kwa sababu mgodini huoni kitu. Baruti imezikwa ndani ya tundu lenye kina cha mita kadhaa, vumbi linafunika kila kitu, na unachobaki nacho ni rundo la mawe. Rundo linakuonyesha matokeo tu, halikuonyeshi yalivyofikiwa. Isitoshe, mwamba wa mgodini hubadilika kila hatua mbili: hapa mpasuko wa zamani, pale mshipa wa udongo, mbele kidogo maji. Ukibadilisha aina ya baruti na vipande vikatoka vizuri, huwezi kujua kama sifa ni ya baruti au ni ya mwamba wenyewe.

Maabarani unabadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine kama vilivyo. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kwa maoni yangu ndiyo pekee inayostahili gharama yote ile. Anayekwenda maabarani kutafuta namba ya kupeleka moja kwa moja mgodini atarudi na namba isiyofaa. Nitalieleza hilo mbele.

Nini hasa hutokea tangu kilipuzi kinapowashwa hadi jiwe linapoachana?

Kilipuzi hakiungui kama kuni. Mmenyuko hukipitia kwa kasi kubwa kuliko ya sauti ndani yake: baruti ya kawaida ya migodini, ile ya amonia naitreti iliyochanganywa na mafuta ya dizeli, hulipuka kwa kasi ya takriban mita 3,000 hadi 5,000 kwa sekunde, na kamba ya kulipulia yenye PETN, kilipuzi kikali zaidi, hufikia karibu mita 7,000 kwa sekunde. Shinikizo kwenye ukuta wa tundu hupanda hadi gigapaskali kadhaa (gigapaskali moja ni megapaskali 1,000). Itale nzuri huhimili kubanwa kwa megapaskali 100 hadi 250 hivi, kwa hiyo ukuta wa tundu hauna namna: unasagika. Hapo ndipo unapopatikana ule unga unaouona kwenye mabaki, na eneo hilo ni jembamba, mara nyingi halizidi vipenyo vichache vya tundu.

Nje ya eneo hilo wimbi limeshapungua nguvu na haliwezi tena kuponda. Linasukuma jiwe kuelekea nje. Lakini fikiria duara la jiwe linalozunguka tundu: likisukumwa nje, mzingo wake lazima urefuke. Kurefuka huko ni kuvutwa, na itale hiyo hiyo iliyohimili megapaskali 200 za kubanwa hukatika kwa megapaskali 10 hivi za kuvutwa. Ndiyo maana nyufa hutoka tunduni kama miale na kuenda mbali kuliko mpondeko.

Wimbi likifika kwenye uso wa nje wa jiwe, palipo hewa, halina pa kwenda. Hurudi ndani, na likirudi hugeuka: lililokuwa wimbi la kubana huwa wimbi la kuvuta. Hili linaweza kubandua tabaka la uso wa nje na kuchora nyufa zinazofuata mzingo, zikikata zile za miale. Bertram Hopkinson wa Cambridge alieleza jambo hili mwaka 1914, alipokuwa akipima shinikizo la milipuko kwa nondo za chuma: kipande kilichowekwa kwenye ncha ya mbali hubanduka na kuruka, ingawa ncha iliyopigwa ni ile nyingine.

Wakati haya yakiendelea, gesi ya moto imejaa tunduni. Inapenya kwenye nyufa zilizokwisha kufunguka, inazitanua kama kabari inavyopasua ukuni, kisha inavisukuma vipande.

Kwa hiyo kinachopasua ni wimbi au gesi?

Hili ndilo swali lililowagombanisha wataalamu kwa miongo mingi, na ndilo lililoleta majaribio mazuri kuliko yote.

Miaka ya 1950 upepo ulivuma upande wa wimbi. Kumao Hino huko Japani, na Duvall na Atchison wa Ofisi ya Migodi ya Marekani katika ripoti yao ya 1957, walieleza upasukaji kwa wimbi linalorudi kutoka kwenye uso huru, yaani uso wa nje palipo hewa. Hoja ilikuwa nzuri, lakini haikujibu kila kitu. Wachimbaji walijua kwamba mdomo wa tundu usipozibwa vizuri kwa kokoto, gesi hutoroka na mwamba haupasuki ipasavyo. Kama wimbi peke yake lilitosha, kwa nini kizibo kiwe na maana?

Mwaka 1971 Kutter na Fairhurst walichapisha kazi iliyotenganisha mambo haya mawili. Badala ya baruti walitumia cheche kali ya umeme ndani ya maji kuzalisha wimbi, na shinikizo la umajimaji kuwakilisha gesi, kila kimoja kwa wakati wake, katika jiwe na katika plastiki angavu. Walihitimisha kwamba wimbi hutangulia na kuzalisha nyufa nyingi fupi kuzunguka tundu, kisha gesi huchagua chache kati ya hizo na kuzirefusha. Tangu hapo vitabu vingi vinasema zote mbili zinahitajika.

Miaka ya karibu Banadaki na Mohanty wa Chuo Kikuu cha Toronto walikwenda njia nyingine. Walitoboa mitungi ya itale katikati, wakavisha tundu bomba la shaba, na kulipua kamba ya PETN ndani yake. Shaba inatanuka na kupitisha wimbi, lakini gesi haipenyi kwenye nyufa. Kila ufa uliopatikana ni wa wimbi tu. Na nyufa zilikuwepo, nyingi, pamoja na zile za mzingo karibu na ukingo wa nje.

Kwa hiyo nikilazimishwa kujibu kwa ufupi: wimbi huamua ni nyufa ngapi zitazaliwa na wapi, gesi huamua zipi zitakua na vipande vitakwenda wapi. Uwiano kati yao hubadilika kwa aina ya mwamba na ya baruti, na anayekupa asilimia moja ya kudumu kwa miamba yote usimwamini.

Jiwe la majaribio huandaliwaje?

Umbo linalopendwa ni mtungi au mchemraba wenye tundu katikati. Mtungi una faida kwamba wimbi linafika ukingoni pande zote kwa wakati mmoja, hivyo hesabu inakuwa rahisi. Mchemraba ni rahisi kukata na kuubana kwa mashine.

Jiwe lenyewe linachaguliwa kwa uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Itale yenye chembe ndogo zilizolingana hupendwa, na itale ya Barre kutoka jimbo la Vermont, Marekani, imepimwa mara nyingi kiasi kwamba sifa zake zinajulikana vizuri. Hata hivyo nayo ina upande wa kupasukia: nguvu yake hutofautiana kulingana na mwelekeo unaoivuta, kwa sababu ya nyufa ndogo zilizojipanga ndani yake tangu zamani. Asiyeweka alama ya mwelekeo kabla ya kukata atakuja kushangaa kwa nini nyufa zote zimekwenda upande mmoja.

Kabla ya kulipua hupimwa uzito kwa ujazo, kasi ya mawimbi, nguvu ya kubanwa na nguvu ya kuvutwa. Bila vipimo hivyo picha za nyufa ni mapambo tu.

Mbona majaribio mengine hufanywa kwenye plastiki au saruji? Hilo si kudanganya?

Si kudanganya, mradi usiseme umelipua jiwe. Plastiki angavu kama akriliki inakuwezesha kuona ufa ukikimbia. Nyingine, kama ile iitwayo Homalite 100, ikiangaziwa kwa mwanga uliopolarishwa huonyesha mistari ya rangi inayofuata mkazo, kwa hiyo wimbi lenyewe linaonekana likisafiri. Kundi la Chuo Kikuu cha Maryland lilifanya kazi nyingi ya namna hii miaka ya 1970, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba nyufa hazianzii tunduni tu: wimbi likipita kwenye kasoro iliyo mbali na tundu, ufa mpya unaweza kuzaliwa hapo hapo.

Plastiki haina chembe, haina vinyweleo, na haipondeki kama jiwe. Kwa hiyo itumie kuelewa mwendo wa wimbi na ufa, usiitumie kukisia ukubwa wa vipande.

Saruji na mchanga vina sababu nyingine. Unaweza kumwaga matofali kadhaa yaliyo karibu sawa kabisa, jambo ambalo asili haikupi. Wengine huchanganya unga wa magnetiti, aina ya madini ya chuma, ili uzito na mwenendo wa tofali ukaribie wa mwamba wa madini ya chuma.

Kilipuzi kinachotumika ni kiasi gani?

Kidogo mno: gramu chache, wakati mwingine pungufu ya gramu moja. Hupendwa vilipuzi ambavyo hulipuka kikamilifu hata vikiwa vyembamba. Baruti ya amonia naitreti haifai hapa, kwa sababu katika kipenyo kidogo mlipuko wake hufifia na kuzimika.

Yote haya yanaisha kufumba na kufumbua. Mnayaonaje?

Hesabu kwanza. Katika itale wimbi hukimbia karibu mita 5,000 kwa sekunde. Mtungi wenye nusu kipenyo cha sentimita 7.5 unavukwa kwa maikrosekunde 15. Kamera inayopiga picha milioni moja kwa sekunde itapata picha 15 tu kabla wimbi halijafika ukingoni, na kati ya picha moja na nyingine wimbi limesogea milimita 5.

Tatizo hili si jipya. Cranz na Schardin walitengeneza mwaka 1929 kamera isiyo na kitu kinachosogea: cheche kadhaa za umeme huwaka moja baada ya nyingine, kila moja na lenzi yake. Picha ni chache, lakini kasi yake ilitosha kwa kazi hii kwa miongo mingi. Siku hizi kamera za kidijitali zimechukua nafasi, na uso wa jiwe hupakwa madoa meusi juu ya rangi nyeupe. Kompyuta hufuatilia kila doa limehama kiasi gani na kutoa ramani ya sehemu zilizorefuka na zilizobanwa. Ramani hiyo huonyesha ufa utakapotokea kabla macho hayajauona.

Ndani ya jiwe kamera haifiki. Huko hutegemewa vihisi vinavyobandikwa au kuzikwa, vinavyopima shinikizo au jinsi jiwe linavyonyumbuka. Vilivyo karibu na tundu hufa vikiwa kazini, na kipimo chake cha mwisho mara nyingi ni cha kihisi kinachokatika wala si cha mwamba. Grafu ikipanda ghafla na kukatika, tilia shaka.

Baada ya mlipuko nyufa zinahesabiwaje?

Kama jiwe limebaki zima, humiminiwa gundi ya majimaji yenye rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Ikishakauka, jiwe hukatwa vipande kama sahani na nyufa zinang'aa. Njia nyingine ni kupiga jiwe picha za eksirei kutoka pande zote na kuunda umbo lake kwenye kompyuta, bila kulikata. Eksirei hukosa nyufa nyembamba sana, gundi nayo hukosa zisizounganika na tundu. Mwenye uwezo hutumia zote mbili.

Kama jiwe limesambaratika, vipande hukusanywa vyote pamoja na vumbi na kupitishwa kwenye chekeche za ukubwa tofauti. Mchoro wa matokeo kwa kawaida hufananishwa na fomula ya Rosin na Rammler ya 1933, iliyobuniwa kwa ajili ya makaa ya mawe, au na fomula ya Swebrec ya Finn Ouchterlony, iliyo mpya zaidi na inayokadiria vipande vidogo vizuri zaidi.

Ufa hukimbia kwa kasi gani?

Polepole kuliko wimbi. Nadharia inaupa ufa wa kuvutwa kikomo: kasi ya wimbi la Rayleigh, lile linalotambaa juu ya uso. Kwa kweli haufiki huko. Kabla ya kukaribia kikomo hicho ufa huanza kuyumba na kuchipua matawi, na nishati inagawanyika. Kwa hiyo wimbi linautangulia ufa, linagonga ukingo, linarudi, na kukutana na ufa ukiwa bado njiani. Makutano hayo yanaweza kuupinda, kuusimamisha au kuuongezea kasi.

Kuna tofauti gani kati ya kuacha hewa na kujaza maji kati ya kilipuzi na ukuta wa tundu?

Kubwa sana. Maji hayabanwi kirahisi, hivyo hupitisha pigo karibu lote. Hewa hubanwa kwanza na pigo linafika ukutani likiwa limelainika. Ukiacha nafasi ya hewa, eneo la unga hupungua au hutoweka, na nyufa zinakuwa chache. Wanaolipua kwa ajili ya kuacha ukuta laini, kwenye handaki au kwenye machimbo ya mawe ya kujengea, hutumia kanuni hiyo hiyo.

Je, mwamba ulioko chini sana ardhini, unaobanwa pande zote, hupasuka vilevile?

Hapana. Ukilibana jiwe la majaribio kwa mashine wakati wa kulipua, nyufa hufupika, na ukilibana zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ndefu hugeuka kufuata mwelekeo wa mbano mkubwa. Sababu ni kwamba ufa hufunguka kirahisi kuelekea upande usiobanwa sana, kwa hiyo hujilaza sambamba na mbano mkubwa. Kutter na Fairhurst waliliona hilo pia.

Mipasuko ya asili huleta habari nyingine. Mpasuko ulio wazi hurudisha wimbi kana kwamba ni uso huru, na upande wa pili unabaki karibu salama. Uliobanwa kabisa hupitisha wimbi karibu lote. Uliojaa udongo uko katikati, na gesi ikiufikia hutorokea humo.

Nikilipua matundu mawili kwa kupishana sekunde ndogo sana, mawimbi yakikutana si yatapasua zaidi?

Wazo hili lilipendwa sana detoneta (viwashio vya baruti) za kielektroniki zilipofanya upishanaji sahihi uwezekane. Daniel Johansson na Finn Ouchterlony, katika kazi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Luleå, Uswidi, iliyochapishwa 2013, walilijaribu kwenye matofali ya saruji yenye magnetiti, yenye matundu kadhaa kwa safu. Hawakupata uboreshaji mkubwa katika vipindi ambavyo mawimbi yalikutana. Ukifikiri, haishangazi sana: mawimbi hukutana kwa muda mfupi na mahali padogo, ilhali nyufa na gesi zinahitaji muda mrefu zaidi kufanya kazi yake.

Nishati ya kilipuzi inakwenda wapi?

Sehemu inayopasua jiwe ni ndogo kiasi cha kusikitisha. Vipimo vya milipuko ya kweli kwenye machimbo, vilivyochapishwa na watafiti wa Uhispania mwaka 2007, viliipa kazi ya kupasua asilimia 2 hadi 6, mtetemo wa ardhi asilimia 1 hadi 3, na kurusha vipande asilimia 3 hadi 21. Kilichobaki hakikupimwa moja kwa moja: joto, gesi iliyotoroka, mpondeko wa ukuta wa tundu.

Naweza kuzidisha matokeo ya maabara ili kupata ya mgodini?

Kwa tahadhari kubwa. Kuna kanuni ya kipeuo cha tatu: kilipuzi kikiwa kilekile na kimekusanywa mahali pamoja, umbali hulinganishwa kwa kugawanya na kipeuo cha tatu cha uzito wake. Tani moja ni gramu milioni moja, na kipeuo cha tatu cha milioni moja ni 100. Kwa hiyo sentimita 10 kutoka kwenye gramu moja hufanana na mita 10 kutoka kwenye tani moja.

Hufanana kwa shinikizo, lakini muda pia umezidishwa mara 100, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Jiwe linalovutwa haraka ni gumu kulikata kuliko linalovutwa polepole, hivyo la maabara huonekana imara zaidi. Tena jiwe dogo lina kasoro chache. Chembe ya milimita 5 ni kubwa ndani ya mtungi wa sentimita 15, lakini si kitu kwenye ukuta wa mita 10. Uzito wa mwamba wenyewe, unaosaidia kuporomosha vipande mgodini, maabarani hauna maana yoyote. Chukua mwelekeo wa matokeo (hiki huongeza, kile hupunguza) na uache namba zenyewe.

Programu za kompyuta hazijafanya majaribio yapitwe na wakati?

Bado. Programu huhitaji kuambiwa jinsi jiwe linavyokatika chini ya pigo la kasi, na hilo hutoka maabarani. Programu yenye vigezo vingi inaweza kurekebishwa hadi ifanane na picha yoyote ya nyufa. Mtihani wa haki ni kuipa jaribio ambalo haijawahi kuliona.

Mimi ni mwanafunzi na chuo changu hakina kibali cha vilipuzi. Nifanyeje?

Usijaribu kulipua chochote mwenyewe. Hata gramu moja hukata vidole na kurusha vijiwe kwa kasi ya kutoboa jicho, na kumiliki vilipuzi bila leseni ni kosa la jinai karibu kila nchi. Maabara zenye kibali hulipua ndani ya chumba cha chuma, watu wakiwa nje yake.

Lakini sehemu kubwa ya maswali haya hujibiwa bila kilipuzi. Nondo mbili za Hopkinson, kwa mpangilio ulioelezwa na Kolsky mwaka 1949, hupiga sampuli ndogo iliyobanwa kati yake na kutoa nguvu ya jiwe chini ya pigo la kasi. Wanafunzi wengi wa shahada za juu huanzia hapo. Umeme mkali uliomwagwa kwenye waya mwembamba ndani ya tundu lenye maji huzalisha wimbi linalofanana na la baruti, ingawa gesi yake ni kidogo; nao unahitaji usimamizi wake. Na kama huna hata vifaa hivyo, omba sahani za mawe yaliyokwisha kulipuliwa kutoka maabara nyingine, uhesabu nyufa kwa hadubini. Kazi ya kuhesabu huwa imerundikana, na wenye maabara mara nyingi hufurahi kupata wa kuifanya.